Kabla hujanitumia Sura ya Nne

Msimu wa rasimu za ripoti za utafiti umeanza, na simu yangu imejaa mafaili yanayoitwa "FINAL", "FINAL 2" na "FINAL YA MWISHO KABISA". Wadogo zangu wa saikolojia, nawapenda, ila mnanizeesha. Makosa ni yale yale ya waliowatangulia, hata sentensi mnarithishana. Basi nayaandika hapa mara moja, ili nikikujibu "soma namba 3" usininunie.

1. Sura ya Tatu, ya mbinu za utafiti, iwe ya wakati uliopita. "Mtafiti atagawa madodoso" ilikuwa ya pendekezo la utafiti. Sasa umeshagawa, au hukugawa?

2. SPSS, ile programu ya takwimu, ikikuandikia p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ya .000 si kwamba ni sufuri, imefupisha desimali tu. Andika p < .001, bila sufuri mbele ya nukta, ndivyo APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, wanavyotaka. Na uweke ukubwa wa athari, yaani tofauti au uhusiano una nguvu kiasi gani, maana sampuli ikiwa kubwa hata tofauti ya kijinga inatoka na nyota ya kwamba ni ya maana kitakwimu.

3. Geuza alama za vipengele hasi kabla ya kujumlisha. Hapa tukae kidogo.

Shahada ya kwanza nilipima upweke na kujithamini kwa wanafunzi wa hosteli. Nilitumia kipimo cha kujithamini cha Rosenberg, kile cha mwaka 1965 ambacho nusu yenu mnacho: vipengele 10, majibu 1 hadi 4, vitano mtu anajisifu na vitano anajiponda. Vya kujiponda lazima vigeuzwe, 4 iwe 1, 3 iwe 2. Nilikuwa najua, na kwenye mtihani nililijibu swali hilo vizuri tu. Ila usiku wa kuingiza data umeme ulikuwa wa kukatikakatika, nikajumlisha vyote kumi kama vilivyo, nikalala.

Sasa piga hesabu. Anayejipenda kwelikweli anapata 4 mara tano na 1 mara tano: 25. Anayejidharau kabisa anapata 1 mara tano na 4 mara tano: 25 vilevile. Wastani wangu ukaganda hapo hapo, mkengeuko sanifu (mtawanyiko wa alama) kiduchu, uhusiano na upweke hakuna. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaona nimegundua jambo! Nikajaza kurasa za mjadala nikieleza kwamba malezi ya Kiafrika yanamfanya kijana asijikweze wala asijidharau. Nikaingiza ujamaa. Nikaingiza methali. Nikawasahihisha Wazungu na vipimo vyao.

Na nilikuwa nimeonywa. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama vipengele vya kipimo vinakwenda pamoja, ilitoka hasi, na chini ya jedwali SPSS ikaweka tanbihi kwamba pengine nikague usimbaji wa vipengele, yaani namba nilizoyapa majibu. Tanbihi nikaifuta, eti inaharibu muonekano wa jedwali. Alfa yenyewe sikuitaja. Niliandika tu kwamba kipimo "kimethibitishwa duniani kote". Siku ya kutetea, mtahini akafungua ukurasa wa jedwali, akauliza, "Alfa yako ni ngapi?" Nikaanza kueleza ujamaa. Mama wa watu akaniacha nimalize, kisha akarudia swali lake kwa upole ule ule. Nilirudishiwa ripoti. Baada ya kugeuza, uhusiano ulikuwepo siku zote: mpweke zaidi, kujithamini kidogo, kama walivyopata wengine wengi kabla yangu. Mjadala wote na methali zake ukafutika.

Ndiyo maana rasimu ikifika naangalia alfa kwanza, ya sampuli yako, si ile ya Rosenberg. Ikikosekana sisomi zaidi.

4. Ulitoa madodoso mawili siku moja, ukapata uhusiano, ukaandika "mitandao ya kijamii inasababisha sonona". Labda mwenye sonona hapati usingizi, ndiyo maana yuko mtandaoni saa nane usiku. Andika "inahusiana na". Najua halipendezi kwenye kichwa cha habari.

5. Umetafsiri dodoso? Mwingine ambaye hajaona la asili alirudishe kwenye Kiingereza, ulinganishe, na utuambie ni nani alifanya hivyo. "Lilitafsiriwa na mtafiti" pekee haitoshi.

6. Mnaotumia PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, hili silifanyii utani. Kipengele cha 9 kinauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mwaka fulani mwanafunzi mmoja alikaa na madodoso yaliyojazwa kwenye begi chini ya kitanda, akisubiri apate kompyuta ya kuazima. Alipofungua alikuta mtu amezungushia 3, yaani karibu kila siku, na madodoso hayakuwa na majina wala namba. Angemtafutia wapi?

Kwa hiyo panga namba za siri mapema, na orodha inayoziunganisha na majina ifungiwe sehemu nyingine. Pitia kipengele hicho siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka eneo la utafiti. Aliyejibu 1 na kuendelea azungumze na mshauri nasaha ambaye umeshakubaliana naye kabla hujagawa hata karatasi moja, na mshiriki awe ameambiwa hivyo kwenye fomu ya ridhaa. Kisha utaratibu wote uandike kwenye Sura ya Tatu, kwenye maadili, pale ambapo kila mwaka nakuta "usiri ulizingatiwa" halafu nukta.