Anwani imo kwenye kurasa 300: badilisha bila kuzihamisha Pembe za Ndovu

Swali: Nafanya kazi katika ofisi ya kutembeza watalii hapa Mombasa. Tulikuwa Moi Avenue, sasa tumehamia Nyali. Tovuti yetu ni ya kizamani, kurasa kama 300 za HTML, nyengine za Kijerumani, na anwani imeandikwa kwenye kila ukurasa. Nimerekebisha 12 kwa mkono, nimechoka. Hakuna njia ya kuzibadilisha zote kwa mpigo? Natumia Windows.

Jibu: Pole dada yangu, ishia hapo kwenye ya 12. Njia ipo na haina malipo: programu ya Notepad++.

Kwanza shusha folda nzima kutoka kwenye seva, uitolee kopi, kopi uiweke kando kabisa. Usiipuuze hatua hii. Programu hii ikibadilisha faili nyingi pamoja huandika moja kwa moja kwenye diski, na Ctrl+Z haitakurudishia kitu.

Sasa bonyeza Ctrl+Shift+F. Ionyeshe folda yako, kwenye kichujio andika *.html *.htm, kisha tafuta neno Moi peke yake. Bonyeza "Find All". Kitufe cha kubadilisha usikiguse bado. Orodha itatokea chini. Chukua chai yako uisome, kwa sababu humo utakuta mistari ya namna hii:

Ghorofa ya 2, Moi Avenue, Mombasa
Pembe za Ndovu ziko Moi Avenue
Tutakupokea Uwanja wa Ndege wa Moi

Ukiamuru kila "Moi Avenue" iwe Nyali, utakuwa umezivusha Pembe, ile alama maarufu ya mji wetu, daraja mpaka Nyali, na mgeni atazitafuta Nyali mpaka jua litue. Kwa hiyo usitafute jina la barabara tupu. Tafuta kipande kirefu ambacho ni cha ofisi yenu tu, kama "Ghorofa ya 2, Moi Avenue".

Haya nayajua kwa kuungua. Mteja mmoja alitaka neno "simu" liwe "nambari" tovuti nzima. Nikabadilisha, nikapandisha, nikaenda zangu kula. Ukurasa wake wa "Masimulizi ya Mji wa Kale" ukawa "Manambarilizi ya Mji wa Kale", ukakaa hivyo siku mbili. Kisanduku cha "Match whole word only" kingeniokoa, nami sikukitia alama.

Shida ya pili ni kwamba anwani moja huandikwa kwa sura nyingi. Kuna aliyeandika Moi Ave., kuna aliyeandika Barabara ya Moi, na kuna programu ya zamani iliyoweka Moi Avenue (hiyo   ni alama ya HTML ya nafasi). Pengine mstari umekatika katikati: Moi huku, Avenue mstari wa chini. Hizi mbili za mwisho kwenye kivinjari huonekana sawa na ile ya kawaida, ila mtafutaji wa herufi kwa herufi atazipita zote. Chagua "Regular expression" kisha uandike:

Ghorofa\s+ya\s+2,\s+Moi(\s| )+Avenue

Hiyo \s+ maana yake nafasi yoyote, hata ya kuvuka mstari. Kwenye "Replace with" andika anwani mpya, kisha sasa ndipo ubonyeze "Replace in Files". Sura zilizobaki zibadilishe moja baada ya nyengine. Kurasa za Kijerumani zitakuwa na maneno yao ya ghorofa, kwa hiyo zitafutie kipande chao.

Na hizo za Kijerumani zitazame vizuri. Ukifungua faili, pembeni kulia chini panaandikwa ANSI au UTF-8, yaani namna herufi zilivyohifadhiwa. Ikiwa ni ANSI, iache ilivyo. Ukiigeuza bila kurekebisha tamko la charset kichwani mwa ukurasa, lile linalokiambia kivinjari namna hiyo, ile ü ya Führung itatoka vinyago.

Kama seva yenu ina PHP (lugha ya kuunda kurasa kwenye seva), baadaye mwombe fundi aiweke anwani kwenye faili moja linaloitwa na kurasa zote. Hiyo ni kazi ya siku nyengine.

Kwa leo, ukimaliza tafuta Moi tena. Zikibaki Pembe na uwanja wa ndege tu, pandisha.