Karakana ya Wasomaji: Viti vya mashindano na mikanda ya pointi sita kwenye Mazda MX-5

Safari hii tumekusanya maswali ya gari moja tu: Mazda MX-5, ile inayouzwa Japani kwa jina la Roadster. Ilianza kuuzwa mwaka 1989, na vizazi vyake vinne mafundi huvitambua kwa herufi NA, NB, NC na ND. Ni gari jembamba, lina viti viwili, na nyingi zina paa la turubai la kukunja. Kwa sababu hiyo, kubadilisha kiti na mkanda humu si kazi ile ile inayofanywa kwenye Subaru ya rali yenye paa la bati.

Nina NB ya 2001. Nimepata mikanda mipya ya pointi nne na nataka kuifunga juu ya viti vya kiwandani, bila kubadilisha kitu kingine. Kuna ubaya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usiifunge. Ubaya upo, tena wa aina tatu.

Wa kwanza ni gari kupinduka. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu, yaani ulioshikizwa kwenye gari sehemu tatu, hukaza nyonga na kifua, lakini bado huuachia mwili nafasi ya kuinama na kulala upande. Mkanda wa pointi nne hukushikilia wima kama ulivyokaa. Kwenye gari lenye turubai, kichwa chako kinabaki juu kuliko kila kitu kilicho nyuma yako, na kinachokukinga na lami ni fremu ya kioo cha mbele pekee. Mkanda huu bila roli-baa, yaani upinde wa bomba la chuma unaosimama nyuma ya vichwa, hukuongezea hatari.

Wa pili ni kuteleza chini ya mkanda. Gari likigonga mbele, mikanda ya mabega huvutwa kwa nguvu, nayo huuvuta ule wa kiunoni upande juu. Unatoka kwenye mifupa ya nyonga na kupanda tumboni, mwili unapita chini yake, na uzito wote unaangukia ini na matumbo. Mkanda wa pointi tano au sita una ugwe wa kati ya miguu unaozuia jambo hilo. Ipo mikanda michache ya pointi nne ya barabarani yenye mshono maalumu kwenye bega moja, uliotengenezwa ufumuke kwa kipimo ili mwili uzunguke kidogo badala ya kuteleza. Kama yako haina mshono huo, hesabu kwamba haina kinga hiyo.

Wa tatu ni kiti chenyewe. Kiti cha kiwandani hakina matundu ya kupitishia mikanda ya mabega, kwa hiyo mikanda hupita juu ya mgongo wa kiti na huweza kuchomoka pembeni pale unapoihitaji.

Ununuzi uende kwa mpangilio huu: roli-baa kwanza, kisha kiti, na mwisho mikanda. Fedha zikikatika njiani, ishia kwenye roli-baa na uendelee na mkanda wa kiwandani. Hapo bado utakuwa na gari salama kuliko ulilonalo leo.

Nitajuaje kama roli-baa ni ndefu ya kutosha? Nina urefu wa sentimita 186. (Msomaji, Birmingham)

Kaa kwenye kiti utakachotumia, ukiwa umefunga mkanda na kuvaa helmeti. Mwenzako alaze ubao ulionyooka kutoka ukingo wa juu wa fremu ya kioo cha mbele hadi kilele cha roli-baa. Helmeti ibaki chini ya ubao huo kwa sentimita 5 au zaidi. Kwa urefu wako, huenda usifaulu ukiwa kwenye kiti cha kiwandani, na hapo ndipo kiti cha mashindano kinapokuwa na faida kubwa katika gari hili, kwani hukaa chini zaidi. Ukishindwa hata baada ya kushusha kiti, tafuta roli-baa ndefu zaidi. Usijaribu kulaza mgongo wa kiti ili upate nafasi. Kulala sana kunaharibu pembe za mikanda yote.

Jihadhari na pinde za urembo. Roli-baa ya kweli ina miguu miwili mikuu, mihimili inayorudi nyuma, na bamba la chuma chini ya kila mguu. Penye uwezekano wa helmeti kugusa bomba, funga sponji ngumu yenye alama ya FIA 8857-2001 (FIA ni shirikisho la kimataifa la michezo ya magari) au SFI 45.1 (SFI ni shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mashindano). Ile laini ya kuvalisha mabomba ya maji hubonyea yote mara moja, na kichwa kikagonga chuma.

Nimeagiza kiti mtandaoni na kimekataa kuingia. Muuzaji alisema kinaingia magari yote. (Msomaji, Mombasa)

Hakuna kiti kinachoingia magari yote, na MX-5 ni katika magari magumu zaidi kwa jambo hili. Kuna sehemu tatu zinazobana. Chini, ni kati ya tuta la gia, yaani mwinuko wa sakafu ulio katikati ya viti viwili, na kizingiti cha mlango. Katikati, ni pale paja la nje linapokutana na mfuko wa mlango na mpini wa kupandishia kioo. Juu, ni upana wa mabega ya kiti, ambayo hugonga mlango ukifungwa, au hugonga mguu wa roli-baa kiti kikirudishwa nyuma.

Kabla ya kununua kingine, ng'oa kiti cha zamani, funga mlango, kisha pima upana katika vimo vitatu: sakafuni kwenye reli, sentimita 15 juu ya sakafu, na kwenye bega. Pima mbele na nyuma pia, maana tuta la gia halina upana mmoja. Kata umbo la kiti kwa katoni nene ukitumia vipimo vya mtengenezaji, hasa upana wa nje. Wauzaji wengi huandika upana wa ndani, ule wa makalio, na ndio unaowaponza wanunuzi. Acha angalau milimita 10 kila upande kwa ajili ya vishikizo vya pembeni na vichwa vya bolti.

Ukikuta nafasi inabana mno, chagua kiti kinachofungwa kutokea pembeni na uache reli za kusogeza. Reli hupandisha kiti, na kwa dereva mrefu kila sentimita ina thamani. Hasara yake ni kwamba kiti kitamfaa dereva mmoja tu.

Tunatumia bolti za aina gani, na je, tunaweza kutumia matundu ya kiwandani? (Msomaji, Arusha)

Matundu manne ya kiwandani ni mazuri kwa sababu yameshaimarishwa. Tatizo ni kwamba sakafu yake si bapa: vimo vya mbele na nyuma havilingani. Usisawazishe kwa kurundika washa, vile vibati vya duara vinavyovalishwa bolti. Rundo la washa hugeuza bolti kuwa mkono wa kupindwa, na bolti hukatika kwa kuchoka. Nunua au chonga bracketi, yaani vishikio vya kuunganisha kiti na sakafu, za chuma cha milimita 3 zinazofuata umbo la sakafu. Ukitumia aluminiamu, iwe milimita 5.

Kanuni za FIA zinataka kiti kishikwe na bracketi kwa bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, zenye kipenyo kisichopungua milimita 8. Vivyo hivyo bracketi zishikwe na bodi kwa sehemu nne. Chukua bolti zenye chapa 8.8 kichwani. Zile za chuma kisichoshika kutu zenye chapa A2-70 zina nguvu ndogo kuliko 8.8, na nyuzi zake hupenda kung'ang'aniana wakati wa kukaza. Bolti inayoingia kwenye kiti ipenye angalau milimita 8 za nyuzi. Pima kina cha tundu kwanza: ikizidi urefu inafika mwisho kabla ya kubana, na fundi anadhani ameshakaza.

Ukilazimika kutoboa sakafu, weka bamba upande wa chini: chuma cha milimita 3, eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba. Kipande cha milimita 65 kwa 65 kinatosha. Zungushia pembe zake kwa tupa, kwani pembe kali hukata bati jembamba la sakafu. Kabla ya drili kuwashwa, lala chini ya gari uone mabomba ya breki na petroli yanapita wapi. Ukimaliza, paka rangi ya msingi na uzibe kwa silanti. Wa pwani wasiruke hatua hii, chumvi hula sakafu kuanzia kwenye tundu.

Kuna jambo moja linalosahaulika mara nyingi. Kwenye NA na NB, kifungo cha mkanda wa kiwandani kimeshikiliwa na kiti chenyewe upande wa tuta la gia. Ukitoa kiti, umetoa na kifungo. Kabla ya kulipia bracketi, hakikisha zina sehemu ya kukifungia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu barabarani utaendelea kuuhitaji mkanda wa pointi tatu.

Mikanda ya mabega ifungwe wapi? Fundi wangu anataka kuishusha hadi sakafuni nyuma ya kiti. (Msomaji, Kampala)

Mkatalie. Mkanda ukishuka wima kutoka begani, ajali ikitokea unavuta mabega chini, na uti wa mgongo unabanwa kama bati la soda. Pembe inayotakiwa, ikipimwa kutoka begani kwenda nyuma, ni karibu nyuzi 10 chini ya mstari wa usawa. FIA inavumilia hadi 45, lakini hiyo ni kwa anayekosa njia nyingine. Ukivaa kifaa cha kukinga shingo cha HANS, ibaki kati ya 0 na 20. MX-5 haina kiti cha nyuma wala sakafu ndefu huko, hivyo mahali pafaapo ni bomba la mlalo la roli-baa. Roli-baa isiyo na bomba hilo haifai kwa mikanda.

Kuzungusha mkanda kwenye bomba kuna utaratibu wake. Utepe hupita kwenye kibati chenye vijiti vitatu, huzunguka bomba, kisha hurudi ndani ya kibati na kukunjwa juu ya kijiti cha kati. Kibati kisogezwe kiguse bomba au kikaribiane nalo sana. Mkia ubaki walau sentimita 10. Ukipitishwa mara moja tu bila kurudishwa, hushika vizuri kwa mkono na huchomoka kwa mzigo. Hiki ndicho kitu cha kwanza kukagua ukinunua gari lililofungwa mikanda na mtu mwingine.

Tepe mbili zikaribiane pale bombani. Zikiachana sana zitateleza mabegani. Urefu nao upunguzwe kadiri iwezekanavyo, kwani utepe mrefu hunyumbuka zaidi.

Pointi tano au sita? (Msomaji, Nakuru)

Sita. Ugwe mmoja wa pointi tano hubeba mzigo mahali pabaya mwilini, hasa kwa wanaume. Nyugwe mbili za mkanda wa pointi sita hupita pande mbili na kushika nyonga.

Mkanda wa kiunoni ushuke kwa pembe ya karibu nyuzi 60, ukipita kwenye mkunjo wa paja chini ya tumbo, na upite katika tundu la kiti bila kukwaruza ukingo. Upande wa mlango, sehemu ya chini ya mkanda wa kiwandani inaweza kutumika ikiwa pembe inaruhusu. Upande wa tuta la gia utahitaji bolti ya jicho yenye nyuzi za 7/16 UNF (kipimo cha inchi) na bamba lake. Usifunge mkanda huu kwenye kiti wala bracketi zake. FIA inakataza, na sababu ni kwamba kiti kikitoka, mkanda unatoka nacho. Ndoano za kubana zilizo kwenye ncha za mikanda ziwe na pini yake ya usalama kila moja.

Kwa gari hili nunua mikanda ya kiunoni inayokazwa kwa kuvuta juu. Ile ya kuvuta chini inataka nafasi ya kiwiko ambayo haipo.

Wakati wa kufunga, anza na kiunoni hadi kibane kabisa, halafu mabega. Ukianza na mabega, kifungo kinapanda tumboni.

Nina ND. Nikitoa kiti, taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga wakati wa ajali) itawaka? (Msomaji, Nairobi)

Itawaka. Kwa sheria ya Kenya isiyoruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, MX-5 nyingi zinazoingia sasa ni ND, nazo nyingi zina eabegi ya pembeni ndani ya kiti. Tenganisha waya hasi wa betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uchomoe plagi ya manjano chini ya kiti. Usiipime kwa mita ya umeme, mkondo wake unaweza kuifyatua. Kiti kilichotolewa kihifadhiwe upande wa eabegi ukiwa wazi, usiegemee ukuta.

Watu hutia rezista, kipande kidogo cha umeme kinachoiga eabegi, kwenye plagi ili taa izime. Taa itazima, lakini kinga ya pembeni haitakuwepo, na anayefuata kulinunua gari hatajua. Kama gari hili ndilo la kwenda kazini, bakisha viti vyake.

Mikanda iliyotumika inafaa? (Msomaji, Mwanza)

Soma lebo kabla ya bei. Yenye FIA 8853-2016 imeandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika. Yenye SFI 16.1 hudumu miaka 2 tangu kutengenezwa. Kiti chenye alama ya FIA 8855-1999 hudumu miaka 5, chenye 8862-2009 miaka 10. Jua, vumbi na jasho hudhoofisha utepe hata kama unaonekana mzima. Uliowahi kuwa ndani ya ajali umeshanyumbuka, hauna kazi tena. Lebo bandia zipo nyingi sokoni, kwa hiyo linganisha namba ya mkanda na orodha za kiufundi zilizo bure kwenye tovuti ya FIA. Ukiosha, tumia maji vuguvugu na sabuni laini, bila jiki wala petroli, na uanike kivulini.