Kizazi kilishatolewa, nitajuaje kama hedhi imekoma?

Nilitolewa kizazi nikiwa na miaka 43, baada ya fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) kunimaliza damu. Nilifurahi, sitadanganya. Miaka mitatu baadaye nikaanza kuamka usiku wa manane, gauni la kulalia limelowa mgongoni na shuka nimelipiga teke hadi sakafuni. Nikadhani homa. Nikapima joto: la kawaida.

Mwenye kizazi huhesabu miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, akajua hedhi imekoma. Sisi hatuna cha kuhesabu.

Kwanza jua kama ovari zako, yaani vifuko vya mayai, zilibaki. Mimi sikujua (ndiyo, nilisaini fomu nisiyoisoma), ikabidi niombe karatasi ya upasuaji. Zikitolewa zote mbili, ukomo huanza papo hapo, na joto la ghafla laweza kukupata ukiwa bado unauguza kidonda. Zikibaki huendelea kutoa homoni, ila zinaweza kuchoka mapema kidogo.

Zangu zilibaki. Ndiyo maana, hata bila damu, kila mwezi matiti yaliniuma, tumbo likajaa, nikamfokea kila mtu, kisha yakapita. Nilikuwa na hedhi isiyoonekana! Nilipoanza kuandika kwenye daftari, nikaona mpangilio ukivurugika: matiti yakauma baada ya wiki tatu, mara miezi miwili kimya, halafu kimya kabisa. Hapo joto likashika zamu, na viungo vya vidole vikaanza kukaza asubuhi. Uke nao ukawa mkavu, jambo nililochelewa kulisema kwa aibu tu.

Nenda na daftari lako kwa daktari. Kiwango cha FSH, homoni inayochochea ovari, hupanda na kushuka kipindi hiki, jibu moja la kipimo laweza kukupotosha; ukishavuka miaka 45 dalili mara nyingi hutosha. Ukiwa chini ya 40 usikubali kuambiwa "ni mawazo tu": kukosa estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, mapema hudhoofisha mifupa. Mimi nilipimwa pia tezi ya thairoidi, kwani ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta jasho na moyo kwenda mbio.

Nilipewa estrojeni peke yake. Projesteroni, homoni nyingine ya kike, huongezwa hasa kulinda ukuta wa kizazi, nami sina. Siku hizi naamka gauni kavu, isipokuwa nikisahau dawa.