Maelezo ya pathi za mafaili: mwandikie karani wa Newala mwenye eror mkononi

Wadau wa kodi za programu (code) wa huku kusini, leo naomba niongelee dokumentesheni, yaani maelezo ya matumizi, maana laibrari (kodi zilizoandaliwa ili wengine wazitumie) nyingi tunazotengeneza wenyewe zinapiga kazi vizuri tu ila ukifika kwenye pathi za mafaili maelezo yamekatwa kabisa, unakuta fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi yake) imeandikiwa "path: njia ya faili" halafu basi. Mtu anayefungua maelezo ya pathi hajaja kujifunza, kaja na eror mkononi na kuna bosi anasubiri ripoti. Kwa hiyo muonyeshe kile kinachoharibika na kinavyoonekana kwenye skrini kikiharibika, palepale kwenye fankisheni husika.

Sisi hapa Mtwara mjini tuna laibrari ndogo ya Python ya kusoma mafaili ya minada ya korosho, kila wilaya na folda yake, wanaoitumia ni makarani wa vyama vya msingi na laptop zao karibu zote ni Windows wakati seva ni Linux. Msimu ukifunguka mwezi wa kumi simu zinaanza, "kaka, faili lipo kabisa nimeliona kwa macho yangu, mbona inasema halipo?"

Sasa angalia majina ya wilaya zetu. Karani anaandika "C:\korosho\newala\tandahimba.csv" na kwa macho iko sawa kabisa, ila Python ikikutana na bakslashi ikifuatiwa na n inaruka mstari, na bakslashi yenye t inaweka tab, ile nafasi pana. Mwambie aiprinti, atapata hivi:

C:\korosho
ewala   andahimba.csv

Nachingwea na Nanyumbu yanawakuta hayohayo, na Ruangwa ndio kabisa kwa sababu \r inarudisha kasa (cursor, alama ya pa kuandikia) mwanzo wa mstari, kwa hiyo "C:\korosho\ruangwa.csv" kwenye terminal unaona "uangwa.csv" peke yake, folda imefunikwa. Masasi na Liwale wao wanapita salama, ndio maana mwenzake wa Masasi anamwambia "mbona kwangu inakubali". Kwenye maelezo yetu tumeuweka mfano huu kama ulivyo, na matokeo yake, halafu chini yake dawa: weka r kabla ya alama ya kufungua nukuu, au tumia slashi ya kawaida, Windows nayo inaikubali. Na useme pia kwamba hata ukiweka r huwezi kumalizia na bakslashi moja mwishoni, maana karani anapenda kumalizia jina la folda hivyo na atapata eror nyingine mpya.

Kingine kinachosumbua sana ni kuunganisha pathi kwa Path ya pathlib, laibrari ya pathi inayokuja na Python. Path("/srv/korosho") / "/newala.csv" haikupi faili ndani ya korosho, inakupa /newala.csv, yaani kipande cha pili kikianza na slashi cha kwanza kinatupwa chote bila eror yoyote. Hii ndiyo tabia yake rasmi, os.path.join nayo hivyohivyo, lakini ukiandika tu "inaunganisha pathi mbili" umemficha mtu jambo zito, hasa kama jina la faili linatoka kwa mtumiaji kupitia fomu, maana anaweza akaomba faili lolote la seva. Hapo andika onyo, na liwe juu, sio kwenye aya ya mwisho.

Halafu kuna rename, ya kubadilisha jina la faili. Kwenye Linux faili likiwepo tayari kwenye jina jipya linafutwa kimyakimya, kwenye Windows unapata FileExistsError. Yaani kodi iliyojaribiwa kwenye laptop ya karani ikienda kwenye seva inaweza ikameza takwimu za mnada wa wiki iliyopita na hakuna atakayejua. Sentensi mbili tu zinatosha kulisema hilo, ziandike, na umtajie replace ambayo inafanana pande zote mbili.

Pathi isiyoanzia mwanzo, kama "data/newala.csv", inatafutwa kuanzia folda uliyosimama wakati unaiwasha programu, sio pale ilipo skripti. Hili limewachosha watu wengi mno, na ndilo lile la "faili lipo nimeliona". Weka maneno ya eror kama yalivyo, FileNotFoundError: [Errno 2] No such file or directory, kwa sababu mtu anakopi hayohayo na kuyatafuta.

Sasa mifano yenyewe. Usiiandike kwa kichwa, ipitishe doctest, kifaa cha Python kinachoendesha mifano ya kwenye maelezo na kulinganisha matokeo, ili ikiwa matokeo yamebadilika ujue kabla msomaji hajajua. Utasema mbona mimi nina Linux nitaonyeshaje ya Windows, tumia PureWindowsPath (pathi za Windows) na PurePosixPath (za Linux) za pathlib, hizo hazigusi diski kabisa, kwa hiyo PureWindowsPath('c:/korosho') / '/newala.csv' itakupa PureWindowsPath('c:/newala.csv') kwenye mashine yoyote ile. Hapo msomaji anaona kabisa herufi ya diski imebaki na folda imeondoka, kitu ambacho ukikieleza kwa maneno matupu unajaza ukurasa.

Na tafadhali sana maelezo haya yaweke ndani ya docstring, yale maandishi yanayokaa ndani ya fankisheni yenyewe, sio kwenye tovuti tu. Mtu yuko Liwale ndani ndani, bando limekata, mtandao wenyewe wa kubahatisha, akiandika help() anayapata yote palepale.

Pathlib imeingia na Python 3.4 mwaka 2014 lakini vitu vimekuwa vikiongezwa, Path.walk kwa mfano imekuja kwenye 3.12, na laptop za vyama nyingi bado zina toleo la zamani, kwa hiyo kila fankisheni itajie toleo inaloanzia, la sivyo karani atapata AttributeError, yaani Python inasema kitu hicho hakipo, na atadhani amekosea kuandika.