Aliibiwa Las Vegas?

SWALI: Wahariri, salaam. Mwanangu anasoma Marekani. Mwaka 2024 alikwenda Las Vegas siku tatu na dola 900 za matumizi ya muhula. Chumba kilitangazwa dola 39 kwa usiku, akalipishwa zaidi ya mara mbili. Zilizobaki zikaliwa kwenye ruleti, kamari ya gurudumu la namba. Anasema mji ule ni wizi mtupu, lakini anataka kurudi akazikomboe. Kweli aliibiwa?
– Mama F., Ngamiani, Tanga

JIBU: Hakuibiwa, mama, na ndiyo maana safari ya pili inatutia hofu zaidi.

Chumba kwanza. Hoteli nyingi za kule hutoza ada ya huduma kila usiku, mara nyingi dola 40 hadi 55, uoge kwenye bwawa lao usioge, kisha kodi ya takriban asilimia 13. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inataka ada hiyo ionekane kwenye bei inayotangazwa. Kodi bado huweza kuongezwa mwishoni.

Ruleti ndiyo yenye mambo. Gurudumu la Kimarekani lina vijumba 38: namba 1 hadi 36, pamoja na 0 na 00. Tuseme ameweka dola moja kwenye kila kijumba. Kigololi kikitua analipwa 35 na kurudishiwa yake moja, jumla 36. Mbili zimebaki kwa kasino, kweupe, bila hila yoyote. Hiyo ni asilimia 5.26. Meza zenye 000 hula 7.69.

Kinachowamaliza vijana haraka ni kudabo, yaani kuweka dau kwenye rangi, nyekundu au nyeusi, inayolipa sawa na dau, na kulizidisha mara mbili kila ukiliwa. Ukiliwa 10 unaweka 20, halafu 40, 80, 160, 320. Ukiliwa mara sita mfululizo umetoa dola 630, zote kwa kutafuta faida ya 10! Dau la saba ni 640, na meza huwa na kikomo cha dau. Wala nyekundu ikitoka mara tano, nyeusi haijasogea karibu. Gurudumu halina kumbukumbu.

Kwa sasa usimtumie fedha mkononi, ada ilipe chuoni moja kwa moja. Kanuni za Nevada, jimbo lenye Las Vegas, zinazitaka kasino zimruhusu mteja kuomba asikopeshwe wala kutumiwa matangazo. Aombe hivyo mapema, kabla hajaletewa ofa ya chumba cha bure, maana wengi hurudishwa mezani na ofa hizo.