Barua kwa mwanangu: Kiingereza cha kusimulia safari

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na baba yako ameusikiliza pia. Unasema mtihani wa Kiingereza wa IELTS umekaribia, kusoma na kuandika huna wasiwasi nako, ila kuongea kunakutoa jasho. Mwalimu wenu kawapa kadi ya mazoezi: eleza safari iliyochukua muda mrefu kuliko ulivyotegemea. Dakika moja ya kujiandaa, kisha uongee peke yako dakika moja hadi mbili. Ukasema “it was long, it was tiring, but it was nice”, ukaishiwa hapo hapo. Sasa umepakua orodha ya maneno ya safari, umeibandika ukutani, na maneno hayakai kichwani. Ukaniuliza: mama, wewe hukupita chuo chochote, Kiingereza cha kuongea na wageni Marangu ulikipata wapi?

Nilikipata mezani. Unajua nilivyoanza pale nyumba ya wageni: jikoni, halafu kuhudumia chakula, ndipo wakanipeleka mapokezi. Wageni wakishuka Mlima Kilimanjaro, kitu cha kwanza wanataka maji ya moto, cha pili wanataka mtu wa kumsimulia. Wapagazi wameshaondoka, waongozaji wamechoka, wenzao nao wana hadithi zao. Anayebaki ni anayemimina chai. Nikawa nasikiliza.

Kwanza ibandue hiyo orodha. Nimeitazama kwenye picha uliyonitumia. “Wanderlust”, hamu ya kuzurura duniani! Mtu anayepanda basi la kwenda Himo mwezi wa kumi na mbili ana “wanderlust” gani, si anakwenda kwao? Na “breathtaking”, yaani ya kukata pumzi kwa uzuri, ni neno la brosha. Wageni wangu walilitumia siku moja kabla ya kupanda, wakiutazama mlima kwa mbali. Waliorudi kutoka kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, pumzi ziliwakata kweli, na hakuna aliyelikumbuka neno hilo. Walisema “I couldn't catch my breath”. Maneno mepesi yote, ila yamepangwa kwa namna ambayo orodha yako haikuonyeshi.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Mskoti, aliyekaa barazani miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Malengelenge yalikuwa yamempasuka kwenye visigino vyote viwili. Nikamuuliza “How was the mountain?” Akasema, “I made it as far as Gilman's Point, but I had to turn back.” Gilman's ni pale ukingoni mwa kreta, mita mia mbili hivi chini ya Uhuru, na Uhuru, kilele chenyewe, ni 5,895. Akaendelea: “We set off at midnight. It was freezing. The gravel kept sliding under my boots.” Mimi na kalamu yangu ya oda. Alipoingia kulala nikaandika nyuma ya kitabu cha oda, si neno moja moja, bali kipande kizima kama kilivyotoka: “made it as far as”, “had to turn back”, “set off at midnight”, “kept sliding”. Kesho yake kikashuka kikundi kingine. Nikawauliza, “Did you make it to the top?” Wakageuka wote. Kabla ya hapo walikuwa wananiuliza kwa ishara kama kuna sukari.

Hiyo ndiyo njia yangu yote. Kipande kizima kutoka mdomoni mwa mtu aliyesafiri kweli, kisha ukitumie kabla hakijapoa.

Jambo jingine nililoliona pale: aliyeishia njiani husimulia vizuri kuliko aliyefika kileleni. Aliyefika husema “amazing”, anaagiza bia, basi. Aliyerudi ana la kueleza: kilitokea nini, akafanya nini, nani alimshika mkono. Kwa hiyo usihangaike kutafuta safari ya kifahari ya kumsimulia mtahini. Ile ya Krismasi iliyopita inatosha na kubaki. Mpaka leo baba yako anaihadithia majirani kana kwamba alikuwemo.

Tuipitie. Ulitoka Mbezi alfajiri. Sema “we set off before dawn”. Naomba saa uachane nazo kabisa kwenye hadithi. Sisi saa kumi na mbili yetu ni “six” yao, na mtu anayegeuza saa kichwani huku anaongea lazima akwame. “Before dawn”, “by midday”, “it was getting dark” zinakufikisha bila hesabu.

Basi lilikuwa limejaa: “the bus was packed”. Watu walisimama katikati ya viti: “people were standing in the aisle”. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta, yule kaka na godoro lake: yote hayo ni “luggage”, na hilo neno halina wingi. Nimewasikia hata waongozaji wazoefu wakisema “luggages”. Bora uviseme vitu vyenyewe. “A man was carrying a mattress for his mother” mtahini anaiona, “many luggages” haoni kitu.

Chalinze, mizani, foleni. Mizani ni “weighbridge”, ila sidhani kama utaihitaji; “we kept stopping” inatosha, na hiyo “kept” ni ile ile ya changarawe za yule mama. Segera wakauza machungwa dirishani: “people were selling oranges through the windows”. Kuchimba dawa je? Usitafsiri, nakuomba. Utamwacha mzungu wa watu akiwaza mitishamba. Wao nao wana adabu yao: “we pulled over so people could stretch their legs”. Kila mtu ataelewa waliingia vichakani kufanya nini. Baada ya Korogwe ukaona mashamba ya mkonge, mistari mirefu hadi chini ya milima ya Usambara: “we drove past rows and rows of sisal, with the mountains behind”. Hapo upunguze mwendo kidogo. Sentensi moja ya macho inatosha katika dakika mbili.

Kisha Same. Pancha ni “a flat tyre”. Na lile tairi la spea lililokutwa halina upepo, mwanangu, usilisahau, ndiyo roho ya hadithi yako: “and the spare was flat too”. Weka kituo. Ngoja acheke. Halafu “we were stuck by the roadside for hours”, “nobody knew what was going on”, “eventually another bus picked us up”. Hiyo “eventually” ni hatimaye ya mtu aliyesubiri sana, inafaa kuliko “at last”.

Himo ulishuka ukapanda Noah. Mtahini hajui Noah, atadhani umeingia kwenye safina. Sema “a small shared minivan”, ongeza mlivyobanana. Na hapa kuna mtego unaowakamata watu wetu wengi. Sisi tunapanda kila kitu: gari, basi, ndege, meli, mlima, hata kitanda. Wao “climb” wameiachia mlima na ngazi. Basi, treni na ndege ni “get on”, kushuka “get off”. Gari dogo na teksi ni “get in”, kushuka “get out of”. Kipimo nilichokuwa natumia: kama unaweza kusimama na kutembea ndani yake, ni “on”. Noah utaiita “in” hata mkiwa kumi na mmoja.

Kuna nyingine inayotokana na Kiswahili chetu wenyewe, nayo nakusikia unaisema: “we used fourteen hours”. Tulitumia saa kumi na nne, ndiyo, lakini wao saa hawazitumii, safari ndiyo inayozichukua: “it took us fourteen hours”. Na kwa kadi yako hii hasa kuna vipande viwili vitakavyokubeba toka mwanzo hadi mwisho: “it was supposed to take nine hours, but it ended up taking fourteen”. “Was supposed to” ni ilivyotakiwa iwe. “Ended up” ni ilivyokuja kuwa. Ukivishika hivyo viwili umeshajibu swali, yanayobaki ni mapambo.

Kuhusu kuchoka. Mwaka ule ulisema mbele ya wageni “I am boring”, nikakukonyeza. “Boring” ni kile kinachochosha, “bored” ni yule aliyechoshwa. Safari “tiring”, wewe “tired”. Njia “frightening”, abiria “frightened”. Kiswahili kinalijua hilo vizuri sana: kuchosha na kuchoshwa, kutisha na kutishwa. Ukikwama jiulize kwa Kiswahili nani kamfanya nani, kisha useme. Na ukitaka kupandisha, usirundike “very, very”. “Very tired” ni “exhausted”, “very cold” ni “freezing”, “very hungry” ni “starving”. Hayo matatu wageni wangu waliyatumia karibu kila siku.

Uliuliza pia tofauti ya “trip” na “journey”, na kwa nini mwalimu alikukata uliposema “a travel”. “Travel” kwa ujumla wake haihesabiki, huwezi kuwa na “a travel” moja. “Trip” ni kwenda na kurudi pamoja na ulichokifuata huko. “Journey” ni ule mwendo wenyewe, kutoka hapa hadi pale. Basi lenu lililokwama Same ni “journey”, likizo yote ya Krismasi nyumbani ni “trip”. Kuvuka bahari kutoka Dar kwenda Unguja wao huita “crossing”, na bahari ikichafuka kipindi cha kusi ni “a rough crossing”. Vivyo hivyo “experience”: isiyohesabika ni uzoefu, ule unaoandika kwenye sivii, “an experience” ni jambo lililokupata. Ukisema “I have experience of buses” wataona umewahi kuwa konda.

Halafu watakuuliza “Have you ever been to…?” Huyo ni umewahi wetu. Mjibu kwa nimewahi: “Yes, I've been to Nairobi.” Usiseme “I have ever been”, hiyo “ever” mwachie muulizaji. Ukishataja lini, hama mara moja: “I went there in 2022.” Nimewahi kufika, nilifika mwaka fulani, unafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Na “she has gone to Nairobi” ni ameenda na hajarudi. Usijiseme hivyo ukiwa umekaa mbele yao.

Sehemu ya mwisho, ile ya maswali ya jumla kama utalii una faida gani na watu wanasafiri kwa nini, sina wasiwasi nayo. Wewe ni mbishi tangu mdogo.

Mwalimu wako amesema kweli kwamba msamiati ni kimoja kati ya vigezo vinne vya alama za kuongea, na vyote vina uzito sawa. Ndiyo maana nakukataza maneno ya kukariri. Ukilitafuta “picturesque” hewani, unapoteza mtiririko, matamshi yanayumba, na sarufi inakutoroka. Unanunua kigezo kimoja kwa kuviuza vitatu.

Fanya hivi. Leo jioni, kabla hujaandika chochote, jirekodi ukisimulia safari ya Same kwa dakika mbili. Ukikosa neno, sema la Kiswahili uendelee, usisimame. Kisha sikiliza, na yale ya Kiswahili tu ndiyo uyatafute. Hiyo itakuwa orodha yako, na nadhani haitafika maneno kumi. Rudia kesho kwa mtu mwingine, sio kwa kioo. Yule jirani yako Mganda anafaa, hajui Kiswahili kingi, itakubidi ueleweke.

Nitumie hiyo rekodi kwenye WhatsApp. Sitakusahihisha kila kitu, nitasikiliza kwanza kama nimecheka kwenye tairi la spea.

Baba yako anakusalimu, anauliza mwaka huu umeshakata tiketi au unasubiri nauli ipande.

Mama yako