*#21# haikwambii kama simu yako inasikilizwa

SWALI: Shikamoo wakili. Ninaongoza kikundi cha vijana Likoni. Tangu tuanze kupanga maandamano, simu yangu inakwaruza nikiongea na chaji inaisha haraka. Fundi mmoja alibonyeza *#21#, kisha *#62#, na hiyo ya pili ikaleta namba nisiyoijua. Anasema ni serikali inanisikiliza, na kwa shilingi 3,000 atanitoa kwenye mtambo wao. Nimlipe? Na sheria inawaruhusu kunisikiliza? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Marahaba. Usimlipe hata shilingi moja. Huo mtambo anaokuuzia njia ya kutoka, yeye hajawahi kuugusa.

*#21# huuliza mtandao swali moja tu: je, simu zinazoingia kwenye laini hii zimeelekezwa kwingine? *#62# huuliza zinapelekwa wapi simu ikiwa imezimwa au haishiki mtandao. Namba uliyoiona kwa kawaida ni ya kituo cha ujumbe wa sauti cha kampuni yako. Wapigie huduma kwa wateja, wasomee, watakwambia. Ikiwa si yao, basi kuna mtu amezielekeza simu zako, na wa kushukiwa kwanza ni tapeli anayewinda namba za uthibitisho wa benki zinazosomwa kwa sauti. Bonyeza ##002# kufuta maelekezo yote. Ukihitaji ujumbe wa sauti baadaye, utaurudisha.

Kinachonikera katika maswali haya, na huja kila wiki, ni imani kwamba usikilizaji wa serikali huacha alama kwenye simu. Unapofanyika kupitia kampuni ya simu, hufanyika kwenye mitambo yake. Namba yako, au IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chako (zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#), huingizwa kwenye mfumo, na nakala ya mazungumzo huenda kwa chombo kilichoomba. Simu haikwaruzi wala haipati moto. Mkwaruzo ni mtandao hafifu au mnara uliozidiwa, na chaji huisha kwa uzee wa betri au kwa simu kuhangaika kutafuta mtandao. Hakuna msimbo wala programu ya kukuonyesha nakala inayotolewa kwingine kabisa.

Isitoshe, watu huogopa kusikilizwa maneno wakasahau rekodi: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, kupitia mnara upi, kwa kifaa kipi. Ukibadilisha laini ukabaki na simu ileile, IMEI inakutaja. WhatsApp hufunga maneno yasisomwe na wengine njiani, lakini haifichi kwamba mliwasiliana, na nakala iliyohifadhiwa mtandaoni haifungwi hivyo mpaka uwashe ulinzi wake mwenyewe.

Sheria sasa. Ibara ya 31(d) ya Katiba ya Kenya inalinda mawasiliano yako, na Ibara ya 24 inaruhusu haki hiyo ibanwe kwa sheria tu, tena kwa kiasi. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 kinamtaka polisi apate kwanza idhini ya maandishi ya Inspekta Jenerali au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha aombe amri ya Mahakama Kuu. Huitwi kusikiliza ombi hilo, lakini angalau jaji yupo. Mwaka 2014 marekebisho ya sheria za usalama yakaongeza kifungu cha 36A: vyombo vya usalama vinase mawasiliano ili kuzuia ugaidi, kwa utaratibu atakaouweka Waziri. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya marekebisho yale, ila hicho ikakiacha. Kwangu mimi, hapo ndipo mizani ilipoinama, na hapo ndipo vijana wangepeleka kelele zao badala ya kwa mafundi.

Kuandaa maandamano ya amani si ugaidi. Ibara ya 37 inakupa haki hiyo. Ukishtakiwa na rekodi zako zikaletwa, wakili wako adai mambo mawili. Kwanza, amri iliyozitoa: ni ya tarehe gani, inataja namba ipi, inahusu kipindi kipi. Pili, cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachothibitisha jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa. Rekodi zikiwa zimepatikana kwa kuvunja haki zako, Ibara ya 50(4) inaiagiza mahakama izikatae iwapo kuzipokea kungeharibu haki ya kesi. Mawakili wengi hunyamaza hapa, rekodi zikapita bila swali.

Na jihadharini nyote na programu za “kuzuia kudukuliwa” zinazosambazwa kwa viungo vya WhatsApp. Huomba ruhusa ya kusoma SMS, kutumia maikrofoni na kuona skrini, nawe unakubali kila kitu kwa sababu unaogopa. Mtu aliyekuwa hasikilizwi anajiwekea msikilizaji kwa mkono wake.

Leo fungua WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, utoe chochote usichokitambua. Kisha pitia programu zenye ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na usimamizi wa kifaa, ufute zile ambazo hukuziweka wewe. Fundi huyo ameishika simu yako ikiwa wazi, kwa hiyo angalia kwanza vilivyoongezwa siku ile.